Injini Yako Bado Iko Sebuleni

Nyumba ya Viti na Maturubai,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia mvua ikipiga bati, nikijiuliza kama huko kwako ni baridi, na kama lile goti limekubali kukuachia usingizi. Mama amenikataza kugusa habari zetu kabla sijauliza kuhusu goti, kwa hiyo nimeuliza. Ukijibu, jibu ukweli. Ukiandika "nafuu kidogo" ataanza kufunga mizigo aje.

Sisi hatujambo. Mama amepunguza chumvi na kuongeza maneno. Kazi ya kukodisha viti inakwenda. Watu bado wanaoana, bado wanafariki, na wote wanataka kukaa. Mimi bado nafundisha fizikia, bado sijaolewa, na kabla hujauliza, hapana, hakuna mtu ninayemficha.

Mjomba, injini uliyotutumia ilifika salama. Nilikuahidi picha yake ikiwa ndani ya pikapu. Hujaipata kwa sababu haimo ndani ya pikapu. Iko sebuleni, kati ya kochi na kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha meza. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unakumbuka jinsi pikapu yako ilivyokuwa ikipanda mlima wa makaburini, kama mtu anayekumbuka jambo kila baada ya hatua chache. Mwanao, ambaye siku hizi mtaa mzima unamwita Rubani, ndiye dereva wetu. Sanduku lilipofunguliwa alichuchumaa mbele ya injini, akaiwekea kiganja kama anayempima mtoto homa. Akasema, "Baba hakunisahau." Basi nani angemwambia kwamba ina nguvu mno?

Nilijaribu. Nilimpeleka uvunguni mwa pikapu nikamwonyesha propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma, na difu inayoigawa kwa magurudumu, vyote vya umri wangu. Nikamwomba tuimarishe hivyo kwanza, injini isubiri.

"Dada, unamnunulia mtu viatu vya mlimani halafu unamnyima chakula," alisema.

"Na wewe unamshibisha aliyevunjika miguu."

Fundi wetu, tunayemwita Taratibu kwa sababu hajui maana yake, alikuwa upande wa Rubani. Mama alitusikiliza wote, kisha akauliza, "Itanibeba mimi na viti vyangu?" Rubani akasema ndiyo. Mimi nilikuwa nimeshasema ya kutosha.

Basi injini ikaingia. Kwenye barabara tambarare, Mjomba, ilikuwa raha tupu. Rubani alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu uondoke, na nikatamani niwe nimekosea.

Halafu ukaja msiba wa mwalimu mkuu mstaafu. Kazi yetu unaijua: viti lazima vitangulie waombolezaji, kwa hiyo tunapanda tukiwa tumejaa, na pale kwenye lango la makaburi lazima tusimame mlimani tumngoje mlinzi afungue. Pale kuondoka tu ndiko kugumu. Rubani aliachia klachi, nguvu yote mpya ikashuka kwa mkupuo, na propela ikakatika kwa mlio wa mlango unaobamizwa. Injini inanguruma, gari linarudi nyuma. Breki zilishika, zikateleza, zikashika. Mlinzi akasukumiza jiwe chini ya gurudumu. Mama, aliyekuwa kiti cha mbele, alimshika Rubani mkono, kisha akasema, "Haya, tushushe viti. Msiba haungoji." Tulivibeba kwa mikono hadi juu, na waombolezaji walipofika walikaa.

Taratibu alipoitwa alichungulia uvunguni akajikuna kichwa. "Mimi nilisema itakwenda," alisema. "Sikusema itasimama halafu iende."

Uwezo wetu ulikuwa wa jambo moja. Ama tufunge propela kama ile ya kwanza na injini yako ibaki, ama tuimarishe sehemu yote ya nyuma, propela nene na difu ya lori dogo, tukirudisha injini kuukuu mpaka siku tutakapopata na giaboksi inayofaa. Mama aliniachia mimi niamue. Hesabu haikunisumbua. Nguvu huishia palipo dhaifu, na inayobaki ni kelele. Kilichonisumbua ni uso wa Rubani. Nilikaa na uamuzi huo muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na mtihani wowote, kisha nikachagua sehemu ya nyuma.

Hakukubali injini ibaki gereji. Aliileta kwa mkokoteni, akaiweka hapo sebuleni bila kumwomba mtu ruhusa, na kwa muda mrefu hakuniita dada. Alikuwa akiniita "mwalimu". Jioni moja nilimkuta anaipangusa vumbi.

"Ukiiuza, nahama," alisema.

"Siiuzi."

"Basi niambie. Baba angekuwepo, angechagua nini?"

Nikamwambia sijui, akuulize mwenyewe. Akakunja kitambaa. "Simuulizi mtu anayenijibu kwa mizigo."

Mjomba, sikuwa nimekusudia kukuandikia maneno hayo. Nimeyafuta mara nyingi kichwani. Lakini najua kinachokufanya ukeshe madukani ukimchagulia viatu, simu, na sasa injini, na najua si ubahili wa moyo. Upendo wako unafika hapa mzima. Ukishafika, hakuna kinachoupeleka mpaka kwake.

Pikapu sasa inapanda polepole, bila kutetemeka. Inasimama langoni na inaondoka tena. Wenye haraka wanatupita, na Mama huwapungia mkono kama malkia.

Nakuomba jambo moja. Usitume giaboksi, najua umeshaanza kuiulizia. Mwandikie yeye. Usimwandikie habari za gari. Mweleze unaamkaje, unakula na nani, goti na yote. Muulize ilikuwaje akaitwa Rubani. Ni hadithi ndefu, na anaisimulia vizuri akipata msikilizaji. Akikujibu kwa maneno mawili, andika tena.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Taratibu anakusalimu pia, na anaapa injini ni nzima. Rubani hajui kwamba naandika, kwa hiyo salamu zake sina. Hizo zifuate mwenyewe.

Mungu akutunze huko uliko, akupe usingizi, akufungulie njia ya kurudi.

Mimi nikupendaye, hata ninapokukatalia,
Mpwa wako mwenye kichwa kigumu.