Chungu cha Pembeni

Litembo, Mbinga
Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hizi zitakukuta umeketi upande ule wa baraza unaopata jua la asubuhi, goti limetulia, na Mama yuko karibu ili umsomee. Msomee yote, hata pale utakapotamani kuruka. Mbuzi mweusi amezaa? Na tangawizi ya kule bondeni imestahimili kiangazi, au mmeshaanza kugombania maji ya mfereji na majirani kama kila mwaka?

Mimi ni mzima. Nakula vizuri na usingizi ninaupata. Baridi ya huku milimani inakaribia kwisha. Asubuhi ukungu unajaa bondeni mpaka mapaa ya hospitali yanaonekana kama yanaelea, halafu jua linapasua na kila nyumba inatoa kahawa yake kuianika. Wanunuzi binafsi ni wengi mwaka huu. Zamani kilikuwapo chama cha ushirika peke yake. Sasa magari yanafuatana barabarani, kila moja na mizani yake, na wakulima wananiuliza mimi yupi kati yao ana afadhali. Nawajibu kwamba nilisomea magonjwa ya kahawa, ya wanunuzi sikufundishwa. Wanacheka, halafu wanauliza tena.

Barua yako niliipata. Nimeelewa kwamba Mjomba Eliya amempata bwana shamba wa huko Same ambaye kwao ni Songea, na kwamba tukikubaliana kubadilishana vituo naweza kurudi nyumbani kabla ya mvua. Najua amehangaika, na wewe umepanda na kushuka milima na goti hilo kwa ajili yangu. Kuhusu sababu uliandika sentensi moja tu: “Nasikia huko wanakunywa sana.” Nimeirudia mara nyingi sentensi hiyo. Ni kweli, Baba. Wanakunywa. Ndiyo maana nataka kwanza nikueleze nilivyoishi, kisha nikujibu.

Nilipokuwa nyumbani baada ya matibabu, kila nilipoweka kikombe changu mezani ulikiinua kidogo, ukakipitisha karibu na pua, ukajifanya unaangalia kama chai imepoa. Nilikuwa naona. Ulikuwa na haki ya kunusa. Lakini nilipopangiwa huku nilifurahi kwenda mahali ambapo hakuna mtu angeshika kikombe changu, na furaha hiyo yenyewe ilinitisha.

Daktari aliyenitibu aliniambia siku ya kutoka kwamba dawa yao inaishia pale getini. Kuanzia hapo ni juu yangu kutafuta watu. “Usikae peke yako,” alisema, “na usikae na wanaokunywa.” Nilipofika huku nikaona kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja. Bibi shamba hufanya kazi kwenye nyumba za watu. Nikimaliza kuangalia mibuni ya mtu nakaribishwa ndani, na karibu ya huku ni komoni, pombe yao ya mahindi. Nikawa nasema naumwa tumbo. Mtu anaweza kuumwa tumbo kwa muda gani? Wakaanza kuniletea dawa za mizizi.

Nilikwenda hospitali ya misheni kuuliza kama kuna kikundi cha watu walioacha pombe. Nikakutana na Sista Kunigunda, nesi mzee ambaye amezalisha nusu ya kata hii. Akaniangalia juu ya miwani.

“Kikundi hakuna,” akasema. “Kuna mimi, Jumatano mchana nikitoka zamu. Unajua kuchambua maharage?”

“Najua, Sista.”

“Basi tutachambua.”

Tangu siku ile kila Jumatano tunachambua maharage ya jiko la hospitali. Mwanzoni nilikuwa naongea bila kupumua. Unanijua nikianza kujichimba. Siku moja akanikatiza: “Wewe unaongea kama unajisomea hukumu. Hapo mkononi una jiwe, litoe.” Nikalitoa. Nilipata nafuu kwake, Baba, lakini ni yeye aliyesema kwamba Jumatano ni moja tu kwa wiki na yeye ni mzee, nitafute watu wa siku nyingine.

Sasa nikueleze habari ya shamba, maana watu hao niliwapata huko.

Mama Geroldi, mjane ambaye nimepanga chumba kwake, alinipa kipande cha mteremko nilime maharage. Wamatengo hulima miteremko kwa mashimo wanayoyaita ngolo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika, na mlima wote unabaki kama sega la nyuki. Mvua inyeshe itakavyo, udongo hauondoki. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Unaita ngokela, yaani majirani wanakuja kukulimia kwa pamoja, na wakimaliza wanakaa kwako na kunywa.

“Nitakupikia mimi komoni,” Mama Geroldi aliniambia. “Wewe utaonja tu.”

Huku mwenye pombe lazima aonje kwanza mbele ya watu, aonekane amemeza, ndipo chombo kizunguke. Asipoonja, hakuna atakayegusa. Funda moja tu, Baba. Nililala na kuamka na funda hilo kichwani, na wewe unajua funda moja langu lina urefu gani.

Basi nikafanya mambo ya msomi. Nikaagiza makreti ya soda na mchele kutoka Mbinga mjini. Nikaita watu, nikajisifu moyoni kwamba nimetatua tatizo. Walikuja wachache. Walichimba bila wimbo hata mmoja. Wakala wali, wakanywa soda wakiwa wamesimama, na kabla ya mchana wote walikuwa wameondoka, nusu ya mteremko ikiwa haijaguswa. Mwanamke wa mwisho alinirudishia chupa kwa mikono miwili, akasema, “Asante kwa kibarua, bibi shamba.”

Mama Geroldi alikuwa amekaa mlangoni, amenuna.

“Umewalipa,” akasema.

“Nimewakaribisha, Mama.”

“Chupa ina kizibo. Kila mtu na yake, akimaliza ameondoka. Hapa mtu anakulimia ili baadaye mkae. Wewe hukuwapa mahali pa kukaa.”

Nikamweleza. Sikupanga, maneno yalitoka tu pale mlangoni huku makreti yakiwa kati yetu: chuo, kazi ya kwanza, chupa kwenye kabati la mbegu, hospitali, wewe na kikombe. Alisikiliza hadi mwisho akipukuchua mahindi.

“Kumbe tumbo lilikuwa hilo,” akasema. Halafu, akichukua hindi jingine: “Baba Geroldi naye, lilimuua tumbo hilo hilo.”

Alipanga yeye. Komoni ingepikwa jikoni kwake, iitwe yake, na yeye ndiye angeionja. Kwangu ningepika togwa isiyolevya, chungu kizima, na hiyo ningeionja mimi. Alinifundisha kuotesha ulezi kwa ajili ya kimea, na alinionya kwamba togwa haihifadhiwi. Ikilala inabadilika, na ikibadilika haitofautiani na kile ninachokikimbia. Kinachobaki kinakwenda kwa nguruwe jioni ile ile.

Mara ya pili walikuja wengi, nadhani kwa udadisi. Wanawake waliimba, mashimo yakashuka mlima mstari kwa mstari, na mimi nilichimba katikati yao vibaya sana. Walinicheka wazi, jambo ambalo siku ya soda hawakulifanya. Tulipoketi, vyungu vilikuwa viwili. Mama Geroldi akaonja chake. Mimi nikapiga magoti mbele ya changu, nikachota, nikanywa, watu wote wakiangalia koo langu. Nikanyoosha kibuyu. Hakuna aliyekipokea.

“Bibi shamba,” akasema Xaveri, jirani yetu asiyeweza kunyamaza, “hapa nani ananyonya? Hicho ni kinywaji cha watoto.”

“Xaveri,” Mama Geroldi akamjibu, “Pasaka ulipolala kwenye mtaro na viatu mkononi, mtoto alikuwa nani?”

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kibuyu bado kilikuwa mkononi mwangu. Ndipo Mzee Otmari, fundi wa mashine za kumenya kahawa, akainuka kutoka upande wa komoni, akabeba kigoda chake, akaja kukiweka karibu na chungu changu.

“Nipe,” akasema.

Akanywa yote. Safari hii hakuna aliyecheka. Akajifuta mdomo, akaniambia kwa sauti ya chini: “Mimi kila ngokela nalima, halafu naondoka. Nasema kuna mashine ya mtu imeharibika. Nimechoka kuzisingizia mashine.”

“Mimi nilikuwa nasingizia tumbo,” nikamwambia.

Alicheka hadi akaweka kibuyu chini. Tulikaa pale hadi jua lilipoanza kushuka, watu wawili na chungu kimoja, na sikuwaza kitu kingine. Sijui kama unaweza kuelewa ukubwa wa jambo hilo kwangu.

Ngokela iliyofuata ilikuwa kwa watu wengine kabisa. Nilipofika nilikuta chungu cha togwa kimewekwa pembeni, na mwenye nyumba akaniita nikionje. Tangu hapo kimekuwa kawaida ya kitongoji chetu. Wanakiita chungu cha pembeni. Pale anakaa Mzee Otmari. Anakaa Mwalimu Salumu, Mwislamu kutoka Kilwa, ambaye miaka yote alikaa mikono mitupu na watu wakadhani anaringa. Anakaa msichana mmoja mwenye mtoto mchanga, ambaye siku moja alisema mumewe akilewa yeye hataki kulewa pia. Xaveri anakuja siku nyingine, siku nyingine yuko kule, na hatumuulizi. Tunaongelea kahawa, wanunuzi, nguruwe. Pombe tunaitaja kwa nadra. Anayekosekana tunampitia nyumbani kesho yake, tukijifanya tunaazima jembe.

Sitaki udhani kwamba yote ni mteremko. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Kingerikiti kikazi, siku ya malipo ya kahawa, na wakulima ninaowafahamu wakaniita kwenye baa ya njiani. Chupa ilikuwa imeshafunguliwa, imewekwa mbele ya kiti kitupu, kwa heshima. Niliketi. Niliishika. Ilikuwa baridi, Baba, na mkono wangu uliitambua kabla yangu. Nikainuka, nikasema nimesahau kitu, nikatembea bila kusimama mpaka kwa Mzee Otmari. Alikuwa ameifumua mashine ya mtu, vyuma vimetapakaa uani. Aliniangalia usoni mara moja, akaiunga haraka haraka, akasukuma mpini upande wangu.

“Zungusha,” akasema.

“Kuna kahawa ndani?”

“Hakuna. Zungusha tu.”

Nilizungusha mpaka mabega yakawaka moto. Mkewe akaleta viazi. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Nilipoaga akasema, “Kesho upite tena. Mashine hii haijamaliza kuharibika.”

Sasa jibu langu. Naomba umwambie Mjomba Eliya kwamba nashukuru kutoka moyoni, na kwamba nafasi hiyo ampe mwingine. Nimejiuliza kwa uaminifu kama ninakikimbia kikombe chako na pua yako, na nadhani mwaka jana ningekuwa nakimbia. Mwaka huu ninakaa. Nyumbani mlinilinda, na bila kulindwa nisingefika hapa. Huku nina watu wa kukaa nao, na mmoja wao akikosa kuniona anakuja kuazima jembe ambalo halihitaji. Natamani milima ya kwetu, natamani sauti ya Mama akiwakemea kuku. Lakini nikiondoka sasa nitakuwa naanza tena kuumwa tumbo mahali pengine.

Nimempa nesi mmoja anayekwenda likizo kifurushi cha usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa niliowanunua Lituhi nilipotumwa huko kwa kazi ya mihogo. Mama awakaange bila mafuta mengi. Mpe shikamoo yangu, umwambie sweta lake ndilo ninalolala nalo. Shikamoo kwa Bibi, na asidanganywe kwamba huku kuna simba. Dada Nakundwa na shemeji nawasalimu, na watoto wao waambiwe shangazi si shangazi, ni mama mdogo, waache kunifanya mzee. Mjomba Eliya naye shikamoo nyingi, nitamwandikia mwenyewe.

Nina ombi moja, Baba. Maharage ya mwakani tutayalimia mwezi wa tatu. Njoo. Goti halitakusumbua, maana Mama Geroldi ameshasema mzazi wa bibi shamba hafyeki; atapewa kigoda na atapewa Xaveri wa kumchosha masikio. Utakaa kwenye chungu cha pembeni kati ya Mzee Otmari na Mwalimu Salumu. Mimi nitapiga magoti, nitachota, nitaonja kwanza mbele yako kama inavyotakiwa, kisha nitakupa kibuyu mkononi. Ukitaka kukinusa, kinuse. Kisha unywe.

Ni mimi binti yako,
Namkunda