Trogoni Ambaye Sikumwona

Papa,

Sikumwona yule ndege, trogoni. Sijamwambia mtu, naanza na wewe. Jumapili ile ulipokuwa umelazwa hospitali nilikwenda peke yangu mushitu, kwenye msitu wetu wa kando ya mto, mvua ikanifukuza, nikarudi bila kitu. Ulikuwa umemtafuta miaka tisa. Nilipoingia chumbani uliinua kichwa kabla sijakusalimu, nikasema nimemwona. Mgongo wa kijani, tumbo jekundu. Nilivitoa kitabuni.

Uliuliza jambo moja tu, alama ya kumtambua: "Na chini ya mkia?" Nikajibu, mweupe. Ukaomba kaye yetu, daftari la ndege, ukaandika mwenyewe. Tonton Fidèle, mwenzako wa kutafuta ndege kila Jumapili, akapiga kelele hadi muuguzi akaja: "Miye miaka yote naona majani tu! Huyu mutoto anaogopa hata jogoo, siku moja tu amemupata!" Ulicheka. Siku ya nne tukakuzika.

Tangu hapo nimemaliza shule, diploma nimepata. Cherehani yako pale Kamalondo anashonea Mama. Nami kila Jumapili baada ya misa narudi mushitu.

Jana nilisikia ile sauti nzito, mbili mbili. Sikusogea. Ulinifundisha kwamba huyu ndege hukupa mgongo, na mgongo wake ni jani. Nilingoja mpaka jani moja likageuza kichwa. Kifua kilikuwa cha kahawia, si kijani. Tumbo la waridi. Chini ya mkia mweupe, bila mistari. Niliandika yote kabla ya kufungua kitabu. Ni jike, Papa, si yule dume niliyemtoa kitabuni.

Jumamosi Tonton atakuja kuchukua kaye, anakili orodha yako. Mstari wako wa mwisho ni uongo wangu kwa mwandiko wako. Hukutaka tufute wala tuchane ukurasa: kosa hupigwa mstari mmoja mwembamba, lisomeke, na aliyekosea hutia jina pembeni. Nimeupiga. Nimetia jina langu. Chini yake nimeandika wa jana.

Tonton atauliza, nami nitamjibu. Hilo nakuahidi. Ila Mama alisimama kwenye matanga akawaambia watu umekwenda na furaha ya yule ndege. Yeye sitamwambia. Na wewe usimwambie, Papa, hata akikuota.

Lala vizuri.

Mado wako