Mstari Mwekundu Usio na Mshale

Jumanne, 4 Machi

Asante Mungu kwa siku ya leo. Miguu inawaka moto lakini moyo umetulia.

Bosi kanipa kazi ya kanisani kwetu! Kanisa langu mwenyewe! Tunajenga ukumbi nyuma, tingatinga litakuja kuchimba msingi, sasa lazima kwanza mtu apite kusikiliza chini ya ardhi kumezikwa nini. Mtu huyo ni mimi. Nimefurahi utadhani nimechaguliwa kuimba peke yangu.

Watu hawajaacha kuicheka kazi hii. Mwanamke mzima, mama wa watoto wakubwa, anatembea kainamisha kichwa na fimbo ya plastiki kama kadondosha hereni. Fimbo ikipita juu ya waya wenye umeme inalia — wiii! Umeme ukipita kwa wingi, inapiga kelele. Usipopita, kimya. Mtaa mzima wananiita Mama Mlio. Basi, jina ni jina.

Baba Watoto ndiye anayenitia moyo. Yeye ni fundi cherehani, anashonea hapa hapa nyumbani, chumba cha uani. Jioni akimaliza ananitikisia makopo yangu ya rangi ya kupulizia. Anapenda kile kigololi cha ndani kinavyogonga. Namwambia tikisa vizuri, rangi isitoke majimaji. Anatikisa mpaka mabega yanacheza!

Jumapili iliyopita nilitoa ushuhuda juu yake. Nilisimama mbele ya watu nikasema: ndugu zangu, kwangu cherehani zinakwenda kutwa, pasi haipoi, lakini bili ya umeme haipandi! Neema tupu. Kanisa zima lilipiga makofi. Baba Watoto aliinama, machozi yakimlengalenga. Mnyenyekevu sana yule.

Masikini kanisa lenyewe linakufa na bili. Mzee wa Ujenzi, ambaye ndiye mwenyekiti wetu wa kamati, amepiga marufuku feni. Tunaimba huku tumelowa jasho. Kesho nafunga kuiombea bili ya kanisa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza. Nimevaa viatu visivyo na chuma, simu nimeiacha kwenye mkoba mbali kule, mkanda sina. Chuma kikikaribia, fimbo inachanganyikiwa, inasikia visivyokuwepo au haisikii vilivyopo. Hilo ndilo somo la kwanza tulilofundishwa na ndilo nilishikilialo.

Sheria nyingine: ukisikia, paka rangi. Nyekundu kwa umeme. Na mstari wako ukifika mwisho wa eneo na waya bado unaendelea, unaweka mshale kuonyesha umeelekea wapi. Tingatinga halina macho.

Nilipanga kumaliza kabla ya chakula. Kumbe! Katikati ya uwanja, mahali hasa utakapopita msingi, fimbo ikalia. Nikarudi nyuma, nikapita tena. Wiii! Waya! Nikamuuliza mlinzi wa kanisa, akasema hapo hapajawahi kuwa na kitu ila nyasi na mbuzi wa watu.

Nikaanza kuufuata. Baba Watoto akaja na chupa ya chai — ana huruma, anajua nikifanya kazi nasahau tumbo. Hapo hapo fimbo ikanyamaza. Kimya kabisa. Nikapiga piga, nikabadilisha betri, wapi! Tukanywa chai. Akaondoka. Haikupita muda ikaanza tena kulia.

Mchana akaja na chakula. Kimya! Akaondoka. Wiii!

Basi nikajua. Mafunguo! Mume wangu anatembea na fungu la funguo kiunoni kama askari magereza, na mikasi mfukoni juu. Alipokuja mara ya tatu, na sahani ya maembe, nilimfukuza tangu getini. "Baki huko huko na vyuma vyako, unaniharibia mashine!" Akasema, "Pole mama, sikujua." Akaweka sahani juu ya ukuta akaenda zake, kanywea. Nimemwonea. Usiku huu nampikia anachokipenda.

Ijumaa, 7 Machi

Ee Bwana, ningeomba usinionyeshe nilichokiona leo.

Nimeufuata ule waya mwanzo hadi mwisho wa uwanja. Unaanzia kwenye mita ya kanisa! Unatoka nyuma ya kile kibanda cha mita, unapita chini ya uwanja wetu kimya kimya, na unaingia... chini ya ukuta wa Mzee wa Ujenzi.

Mzee wa Ujenzi! Aliyetuzimia feni!

Nilikaa chini kwenye tofali. Huyu si mzee wa kanisa tu. Binti yake ndiye anayeolewa na kijana wangu mkubwa. Jumapili hii, baada ya ibada, familia mbili zinakaa kwake kupanga siku ya harusi. Suti atakayovaa mzee kwenye kikao anashonewa na Baba Watoto, tena bure, kwa heshima ya ukwe. Na huyo binti, jamani! Ana adabu, ana kicheko, na ananisikiliza nikieleza habari za fimbo mpaka mwisho, jambo ambalo wanangu mwenyewe hawajawahi.

Sasa nikiweka mshale, utaelekea moja kwa moja dirishani kwake. Mshale mwekundu! Kila atakayetoka ibadani atausoma. Harusi imekufa. Kijana wangu atanitazama maisha yake yote kwa jicho lile.

Nikapaka mstari mpaka ukutani. Nikasimama. Nikanyanyua kopo... nikalishusha. Sikuweka mshale.

Jioni nikamwambia Baba Watoto peke yake, kwa sauti ya chini. Nikasema: mzee anaiba umeme wa kanisa. Alipaliwa na chai mpaka nikampiga mgongoni. Alipopata pumzi akasema tusimhukumu mtu, mama, pengine hata hajui, pengine kuna maelezo yake. "Usiweke mshale. Tusitiriane aibu."

Nilimtazama mume wangu nikaona nimejaliwa. Mtu mwingine angekuwa wa kwanza kuitangaza. Hata chakula hakukimaliza kwa uchungu.

Nimemwombea Mzee wa Ujenzi kwa jina. Nimemwomba Mungu amlainishe ile shingo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya.

Dereva wa tingatinga alikuja kukagua kabla ya kuchimba Jumatatu. Mtu mnene, mpole, anatafuna njiti. Akaufuata mstari wangu mpaka ukutani, akasimama, akatoa njiti mdomoni.

"Mama, huu mstari umekufa hapa?"

Nikasema... ndiyo... kidogo...

"Waya haufi ukutani. Mshale uko wapi?"

Nikamwambia si wazime tu umeme wa kanisa achimbe. Akanitazama kama nimemtukana. Anasema hujui upande wa pili kuna nini, pengine unalishwa na kwingine pia. Mwenzake alikata waya wa namna hiyo, mpaka leo mkono mmoja hauna kazi. Mstari usio na mshale yeye hachimbi. Kapanda pikipiki yake.

Maneno aliyoyasema nayajua mimi. Huwa nayasema kwa wengine. Nilitaka ardhi ipasuke itumeze, fimbo yangu na mimi.

Basi Mzee wa Ujenzi akasikia. Alikuja mbio, shati limemtoka kwenye suruali. Akafoka: Mama Mlio, unatuchelewesha kanisa zima kwa mshale? Mshale! Kitu cha kupuliza tu! Mchungaji akatoka ofisini akisema taratibu, mzee, taratibu.

Nikamwambia mzee, kwa heshima zote mkwe wangu, kuufuata waya huu ni kuingia uani kwako.

"Ingia! Nani kakuzuia? Ufuate hata ukiishia uvunguni kwangu! Mimi nina nini cha kuficha?"

Alivyosema kwa uso mkavu! Niliwaza, Bwana, mtu huyu amezama kabisa.

Tumekubaliana kesho baada ya ibada, kabla ya kikao. Atakuwepo yeye, Mchungaji na dereva. Nimerudi nyumbani nimemweleza Baba Watoto. Akakaa kitandani. Akasema kesho hatakwenda ibadani, suti ya mzee haijanyooka. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kukosa Jumapili! Nikamshika bega nikamwambia, uende kanisani mume wangu, suti isikutenge na Mungu. Akatikisa kichwa. Alifungua mdomo kama anataka kusema jambo, akaufunga. Akaniuliza makopo yangu yanahitaji kutikiswa.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Wako nje. Nimesema naingia kuchukua kopo jipya la rangi.

Nieleze kwa haraka.

Baada ya ibada tukatoka. Feni zimezimwa kama kawaida, taa zimezimwa, mlinzi kafunga milango. Nikaishika fimbo palipoishia mstari wangu. Ikalia vizuri sana, wiii, moto kweli kweli. Nikamtazama mzee, naye ananitazama, hana hata jasho.

Tukazunguka tukaingia getini kwake. Mke wake akatukaribisha, akadhani kikao kimeanza, akaanza kutoa viti. Kijana wangu na binti walikuwa wanapanga vikombe, wakatutumbulia macho. Mimi mbele, nyuma yangu mzee, Mchungaji, dereva na njiti yake, na nyuma yao nusu ya kwaya — nani aliwaita sijui! Nikapita kando ya kuku. Nikapita chini ya dirisha la mzee. Nasubiri mlio ugeuke uingie ndani.

Haukugeuka!

Ukapita nyumba ya mzee kama haipo. Moja kwa moja. Bustani ya mboga, nikakanyaga bilinganya, samahani mkwe. Ukaenda mpaka ukuta wa upande wa pili. Nikasimama. Dereva akasema, "Unaendelea, mama. Ng'ambo hii ni kwa nani?"

Mzee akajibu kwa ajili yangu, tena taratibu mno.

"Ni kwake."

Kwangu! Ukuta ule upande wa pili ni uani kwangu!

Tukazunguka tena. Kwaya nayo. Nikafungua geti langu. Nikaweka fimbo chini ya ukuta, wiii. Kamba ya nguo, wiii. Ikanipeleka kama mbuzi anavyovutwa, mpaka chini ya dirisha la chumba cha kushonea. Na dirishani Baba Watoto, pasi mkononi, mvuke unapanda, suruali ya mzee mezani imenyooka kama karatasi.

Tukatazamana.

Nikakumbuka chai. Nikakumbuka zile funguo, jinsi nilivyomfukuza na vyuma vyake. Kila alipokuja kwangu... pasi alikuwa ameizima.

Nikasema, "Baba Watoto. Chomoa pasi."

Akachomoa. Fimbo kimya. Hata kuku walinyamaza.

"Chomeka."

Wiii!

Mwanakwaya mmoja wa sauti ya tatu akasema "haleluya" kwa mazoea, mwenzake akamfinya. Mchungaji akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Mama," akasema kwa upole wa kuua, "ule ushuhuda wa bili..."

Nami nimemwombea mzee alainike shingo! Kwa jina! Na mtaa mzima umekuja kuona mimi nikiwa na fimbo!

Mzee wa Ujenzi hakucheka. Ningependa acheke. Alitazama suruali yake, akamtazama Baba Watoto, akatazama kijana wangu aliyekuwa getini kamshika binti mkono, kikombe bado kiko mkononi mwa binti. Akasema, "Mama Mlio, kazi haijaisha. Weka mshale."

Nikabonyeza kopo. Limeisha.

Ndiyo niko humu. Makopo mapya yako nyuma ya mlango. Nimelichukua moja. Sijui nipake nini. Nikiweka mshale, unaelekea kwa mume wangu. Nisipouweka, kesho tingatinga halichimbi, au lichimbe na dereva yule aumie. Na mkwe wangu anasubiri, na sijui kama bado ni mkwe.

Baba Watoto ameingia. Amesimama mlangoni, uzi unaning'inia shingoni.

Anasema alikusudia kuniambia. Tangu mwaka ule cherehani ya pili iliponunuliwa, mzee akiwa bado hajahamia hapa. Alimpata fundi mmoja wa umeme akauzika waya, tukiwa safarini mimi na watoto, akasema ni kwa muda mfupi tu. Kisha nikatoa ule ushuhuda. "Ulifurahi mno, mama. Nikashindwa."

Nimelikumbatia kopo.

Nje mzee anaita. "Mama Mlio! Mshale!"

Baba Watoto amelichukua kopo mkononi mwangu. Hakuniomba. Ametoka uani.

Namsikia. Kigololi kinagonga, kinagonga. Anatikisa vizuri, rangi isitoke majimaji.