Mafuta Katika Damu ya Mwalimu wa Kwaya

Jumanne, 2 Julai 1974
Mazoezi ya kwaya tena. Sikio la kushoto linavuma kama birika linalokaribia kuchemka. Nilitoa sauti ya kuanzia, besi wakaishika, alto wakabaki kutazamana. Kerubo mke wangu, ambaye ni alto, ndiye aliyewarudisha. Makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa, ni mwezi ujao. Naogopa.

Ijumaa, 5 Julai
Nimetoka Kisii hospitalini. Majibu ya damu yamefika. Daktari anasema damu yangu ina mafuta mengi mno, na huenda ndiyo yanayobana mishipa midogo ya sikio. Huenda. Hana hakika. Niache samli, utando wa maziwa, nyama ya mafuta. Kuna watu pia huzaliwa na damu ya namna hiyo, amesema. Sawa. Nitaacha.

Jumapili, 7 Julai
Jana, siku ya Sabato, baada ya ibada nilimweleza Onchari, mzee wa kanisa letu hapa Kebirigo, ili aniombee. Ulimi umeniponza. Leo sokoni wanawake wamenyamaza nilipopita.

Jumatano, 10 Julai
Nimeitwa mbele ya wazee. Onchari ana hoja yake: ng'ombe tumekula tangu mababu na hakuna sikio lililovuma, basi mafuta yangu ni ya nguruwe, ambaye kanisa letu limemkataza. Eti nikiwa Kisii mjini nani ananiona. Nguruwe! Mimi, ambaye hata chai ya hotelini siinywi nisipojua sufuria imepikiwa nini. Nikawaeleza maneno ya daktari. Wakanitazama kama mtoto aliyeficha sukari shavuni. Nisisimame mbele ya kwaya mpaka nitubu hadharani.
Nitubu nini? Upumbavu mtupu.

Jumapili, 14 Julai
Jana kwaya iliongozwa na shemeji yake Onchari. Walianza juu mno, wakaishia kupiga kelele. Kerubo anasema nitubu tu yaishe, Mungu anajua ukweli. Nimemfokea. Mungu anajua, ndiyo maana sitamdanganya nyumbani mwake.

Alhamisi, 25 Julai
Samli sili. Sikio linavuma vilevile. Nimekonda, na sasa wanasema dhambi inanitafuna. Penye wazee haliharibiki neno. Hili limeharibika, tena wao ndio walioliharibu.

Jumamosi, 27 Julai
Jua limetua, Sabato imekwisha, naweza kuandika.
Kerubo alisimama kanisani leo. "Mzee wangu hana makosa," akasema. "Mafuta ya nguruwe ni mimi nilinunua, nikampikia bila yeye kujua."
Uongo. Hayajawahi kuingia kwetu. Niliinuka kukanusha, Onchari akaniamuru nikae, nimeshasafishwa. Nimerudishiwa kwaya. Kerubo ametolewa kwayani.
Nyumbani nilimuuliza kwa nini. Akasema mimi nimeshindwa kudanganya, yeye ameweza, na ugali uko tayari. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na wale waliomshukuru Mungu kwa sauti.

Jumapili, 4 Agosti
Makambi yalifunguliwa jana. Watu wengi. Kerubo alikaa benchi la mwisho, upande wa wanawake. Kwaya ikasimama, alto wakiwa wamesogeleana kuziba nafasi yake. Onchari akaniita mbele.
Nikaenda nyuma. Nikaketi karibu na Kerubo.
Alininong'oneza nirudi upande wa wanaume, watu wanaangalia. Sikurudi. Baadaye akasogea kidogo ili nikae vizuri.