Mchicha Wangu Umekukosea Nini

Baba Kipusa,

Nimempeleka mtoto kliniki, nikitoka huko napitiliza kazini. Ufunguo wa nyuma uko kwa jirani. Anua nguo kabla mvua haijashuka.

Sasa ya asubuhi. Nimetoka kuoga nakukuta jikoni na mchicha wangu wa kwanza kutoka zile ndoo za barazani, umeuosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Mume wangu, hiyo ni hukumu ya chombo kilichorambwa na mbwa. Kwenye ndoo nimetia samadi ya mbuzi. Majani yamebaki nyuzi tupu.

Halafu ukasema, "Jioni nisizikute ndoo hizo barazani, mimi sili kilichoota kwenye kinyesi." Hapo uliniumiza. Ndoo zile nimezilea kama mtoto wa pili.

Nilishamuuliza mwalimu wa dini wa darasa la jioni. Kasema samadi yenyewe ni najisi kwa madhehebu yetu, ila mmea unaoota humo ni twahara. Jani likichafuka, unaliosha kwa maji safi, basi. Kwani ndizi zako za kila siku unadhani zilioteshwa kwa marashi?

~~Ukitaka kuzitupa, zitupe.~~ Usiziguse. Ila mkeka wa kuswalia nimeuhamishia chumbani, mbali na ndoo. Uliposema mkeka usikae karibu na samadi, ulikuwa na haki.

Mchicha ulionusurika nimeupika, uko kwenye sufuria ndogo. Nikirudi nikaikuta tupu, nitahesabu umeshatoa fatwa, wala sitakuuliza neno.

Mkeo,
Mama Kipusa