Kichupa cha Mate

Fort McMurray, Alberta
14 Januari 2019

Dada Leoni,

Habari za Moncton? Goti linaendeleaje na barafu hii? Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na huo umeharibiwa na kuendesha lori, Mungu simsingizii.

Unakumbuka ubishi wetu kama bibi alikuwa Mmi'kmaq, wa wale wenyeji wa asili wa kwetu? Mwezi wa kumi nilijinunulia kipimo cha vinasaba. Nikatema mate kwenye kichupa, nikatuma kwa posta. Nilitaka tu nikushinde. Majibu yamekuja kwenye kompyuta, lakini ya bibi sikuyasoma. Juu kabisa palikuwa na jina la mwanamume, Réjean Gaudet, na mbele yake neno moja: mtoto.

Ameniandikia siku hiyohiyo. "Nina miaka arobaini na mitatu. Mama yangu ni Odette. Wewe ni nani?"

Nimefunga akaunti bila kumjibu. Tafadhali usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Alban

Moncton
2 Februari 2019

Alban mdogo wangu,

Goti linauma, ila barua yako imeuma zaidi. Niliisoma nimesimama, nikaona bora nikae.

Uliapa, Alban. Uliweka mkono juu ya Biblia kanisani kijijini, mbele ya padri na baba yake Odette, ukasema hujawahi kumgusa. Nami nikakuamini. Nilimfuata Odette posta, tumbo limeshaonekana, nikamwita mwongo mbele ya foleni nzima. Nikarudi nyumbani najisifu kwamba nimemtetea mdogo wangu.

Ulijua? Nijibu hilo tu.

Dada yako,
Leoni

Moncton
27 Aprili 2019

Alban,

Natumaini u mzima. Miezi karibu mitatu hujaandika, basi nimeshajibiwa.

Juzi nilikwenda Shediac, kwenye duka la mikate la Odette. Nywele zimekuwa nyeupe, lakini nilimtambua, naye akanitambua.

"Umekuja kununua au kuniangalia?" akaniuliza.

"Nimekuja kukuomba radhi. Ile siku ya posta."

Aliendelea kupanga mikate. Halafu akasema, "Unajua yule mama uliyekuwa nyuma yake kwenye foleni? Alikuwa ameniahidi kazi. Baada ya maneno yako hakunisalimia tena."

Nilisimama pale, mwanamke mzima wa miaka sitini na saba, nikatamani sakafu inimeze.

"Radhi yako nimeipokea," akasema. "Ya mdogo wako siitaki mimi. Amjibu Réjean. Mwanangu ana shida."

Hakuniambia shida gani. Anwani ya Réjean nimekuandikia nyuma ya karatasi hii.

Dada yako,
Leoni

Shediac
11 Agosti 2019

Dada Leoni,

Shikamoo. Najua utashangaa kuona muhuri wa Shediac. Nina siku tatu hapa, na nimeona aibu kukanyaga kwako.

Nilijua. Tangu siku ile nilipoapa, nilijua.

Réjean nilimkuta uani anaosha gari. Masikio ni ya baba yetu kabisa. Nilikuwa nimejipangia hotuba ya kuomba msamaha tangu Alberta. Sikufika katikati.

"Baba nilikuwa naye, na tumeshamzika," akasema. "Nilikuwa natafuta habari za moyo. Binti yangu anaanguka ghafla, daktari anauliza magonjwa ya ukoo. Nilikuandikia mara nne, mzee. Ulifunga akaunti."

Nikamweleza jinsi baba alivyoanguka kwa moyo akiwa na miaka arobaini na moja, na baba mdogo Edgar vilevile. Aliandika yote kwenye bahasha, akaniuliza hadi tahajia ya majina. Nilipomaliza akasema, "Asante, bwana." Bwana, Leoni. Kisha akaingia ndani kumpigia daktari simu.

Leo asubuhi nimekwenda misa kijijini. Wakati wa kahawa ukumbini nikaomba kusema. Nikasema, "Mwaka sabini na tano Odette Gaudet alisema kweli. Aliyedanganya humo kanisani ni mimi." Wazee waliinamia vikombe vyao. Nilikuwa nimekaza moyo nimtazame Odette usoni, nikawa namtafuta meza hadi meza.

Mama Ozite, yule aliyekuwa anapiga kinanda, akanishika mkono.

"Unamtafuta nani? Odette hajaingia kanisa hili tangu siku ulipoapa."

Miaka arobaini na minne, dada. Nami kila nikija likizo nilikuwa nakaa benchi la mbele.

Mdogo wako,
Alban