Nilimlilia Sufiani

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Sielewi. Naapa sielewi! Nargisi wa Mkufu wa Rehani leo kavishwa pete na Jabiri. Jabiri! Juzi tu alikuwa anamlilia Sufiani, amekaa sakafuni, chakula hali. Au kuna sehemu imenipita? Haiwezekani, mimi tamthilia hii siikosi. Sufiani kasimama nje ya lango, maskini, hata salamu hakupewa. Nimelia mimi, tena kwa kwikwi.

Na Shangazi Zainabu naye! Katoka Msambweni kuja kwetu Waa saa ile ile. Nilimpa shikamoo macho yakiwa kwenye skrini. Akakaa karibu yangu, akanong'ona maneno chungu nzima. Sikusikia hata moja. Akanipangusa machozi, akatabasamu, akaenda jikoni kwa Mama. Ana nini leo?

Jumanne, 4 Novemba
Yarabi! Nimeposwa. Kumbe Shangazi alitumwa na Baba – baba hamwulizi bintiye jambo hili mwenyewe. Alikuwa ananiuliza kama nimemridhia Abubakar, fundi wa mafriji wa Tiwi. Mwari akinyamaza amekubali, ndivyo tulivyolelewa. Na akilia je? Huyo kakubali mara mbili, ni haya tu zinamsumbua. Asubuhi Mama ananipa hongera, nami nadhani ni ya kazi!

Nimemweleza Mutheu, tunayefua naye mashuka hotelini Diani. Kacheka mpaka akakaa kwenye tenga la nguo. Ati kwao ukinyamaza unaulizwa tena. "Wee Hafsa, yaani TV ndio imekuoza? Si uwaambie tu!"

Niwaambie nini? Abubakar simchukii. Huja hotelini kutengeneza mashine zetu za kufulia pia, hutoa salamu kutoka mlangoni, huondoka. Simchukii, simpendi, simjui! Hata nikiulizwa sasa hivi sina jibu. Hilo ndilo linalonitia wazimu.

Jumatano, 5 Novemba
Nargisi anachagua mapazia na Jabiri. Anacheka! Nimemkaripia: sema neno, mwanamke! Mama akauliza nagombana na nani.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimejikaza, nimempigia Shangazi. Nikamwambia yale machozi hayakuwa ya ridhaa. Akauliza, ya nini basi? Nikajibu nilikuwa namlilia Sufiani.

Mjinga mimi! Shangazi hana televisheni. Alipiga yowe: "Sufiani ndiye nani? Mtoto wa nani huyo? Babako anamjua?" Kisha akakata simu. Kufika Magharibi Baba hanitazami usoni. Shikamoo yangu kaijibu akiutazama ukuta. Nimeumia. Sijawahi kumkosea Baba, na huyo mwanamume mwenyewe hayupo duniani!

Ijumaa, 7 Novemba
Mama ndiye aliyeniokoa. Baada ya sala ya Ijumaa kamketisha Baba mbele ya marudio, akamwonyesha Sufiani kwa kidole. Baba akamtazama sana. Akasema, kijana mwenyewe hata kazi hana. Nikacheka, naye akacheka. Alhamdulillahi.

Nikadhani yamekwisha. Shangazi huyo, hodi! Akaizima televisheni kwa mkono wake, akaketi mbele yangu. "Haya mwanangu, Sufiani hayupo tena. Abubakar umemridhia?"

Wote watatu wananitazama. Nami nikanyamaza – safari hii nimesikia kila neno, ila sijui. Kweli sijui! Nikaona midomo ya Shangazi inaanza kucheza, kigelegele kimefika kooni. Hofu ikanishika, nikasema haraka: "Shangazi, kimya changu msikichukue. Mwambieni Abubakar aje aniulize mwenyewe. Hapa, nanyi mkiwepo."

Jamani! Sijui limenitoka wapi. Katika nyumba hii hakuna binti aliyewahi kusema vile. Mama akainama. Baba akaivua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Shangazi mdomo wazi. Nikangoja wanikatalie. Hakuna aliyesema kitu.

Basi nami nikakichukua kimya chao kama wanavyokichukua changu. Nikainuka, nikaja chumbani kubadilisha nguo. Naandika, hata buibui sijalipata. Sebuleni Baba yuko kwenye simu – waalaikumu salamu, Abubakar. Uko wapi? Hapana, si kesho, njoo leo. Binti ana neno na wewe.

Neno gani, Baba? Mimi nilisema aulize yeye, sasa nikiulizwa nitajibu nini?